Cheti cha seva ya ofisini bado kina kazi kwetu

Vijana wanaosoma mambo ya kompyuta Goma, Bukavu na Bunia wanaambiwa mara kwa mara kwamba kujifunza seva za ofisini ni kupoteza pesa. Wanaambiwa wakati huu ni wa "wingu", yaani kuweka data kwenye mashini za makampuni makubwa na kuzifikia kwa intaneti. Maneno hayo ni kweli nusu tu.

Kweli, tarehe 31 Januari 2021 Microsoft ilifunga vyeti vya MCSA na MCSE, ambavyo kwa miaka mingi viliwapa mafundi wa seva kazi. Lakini mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni hiyo ilileta mitihani mipya ya Windows Server, AZ-800 na AZ-801, inayopima pande zote mbili: seva ya ofisini na wingu. Hata muuzaji wa wingu anajua kwamba seva ya ofisini haijaondoka.

Kwa Congo sababu ni nzito zaidi. Wingu ni mashini ya mwingine, iliyo mbali. Vituo vikubwa vya wingu vya Microsoft na Amazon barani Afrika viko Afrika Kusini. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, intaneti ilikatwa nchini na ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Katika siku kama hizo, hospitali iliyoweka faili zote za wagonjwa kwenye wingu haifungui hata moja. Ile yenye seva ndani ya jengo lake, pamoja na jenereta au paneli za jua, inaendelea kutibu watu, kwa sababu waya kutoka seva hadi kwa daktari hauhitaji intaneti.

Hata hivyo, kubaki na seva peke yake ni hatari vilevile. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka na kuteketeza nyumba nyingi pembeni mwa Goma. Jengo likiungua, seva iliyo ndani inapotea na data zote. Ndiyo maana nakala moja lazima ikae mbali, na hapo wingu linafaa sana.

Fundi anayehitajika huku ni yule anayejua yote mawili. Aliyejifunza seva vizuri anajua diski moja ikifa nyingine ishike kazi vipi, nani aruhusiwe kufungua faili gani, na namna ya kurudisha data kutoka nakala. Ujuzi huo anaenda nao mpaka kwenye wingu, maana huko pia kuna seva za Windows na Linux.

Kwa hiyo mzazi anayelipia masomo ya mtoto aulize kwanza kama cheti anachoahidiwa bado kinatolewa. Vyuo visitupe kompyuta za zamani. Mbili tu zinatosha kuanza mazoezi. Na waajiri wasiangalie karatasi peke yake. Wampe kijana seva iliyokufa na nakala ya data, kisha wamwachie saa chache. Akiirudisha, huyo ndiye fundi.