Uchongaji kwa Kompyuta na Mzigo wa Nukta

Fundi wa vinyago apigapo tezo juu ya gogo la mpingo, alama ya pigo huonekana papo hapo. Jicho huuongoza mkono, na mkono hulijibu jicho bila kungojana. Ufundi wote wa uchongaji umejengwa juu ya mapatano hayo. Kwa bahati mbaya, mapatano hayo ndiyo yanayovunjika mara nyingi pale uchongaji unapohamishiwa katika kompyuta, na aghalabu lawama huelekezwa pasipostahili.

Katika uchongaji wa namna hii, uliopata nguvu baada ya programu ya ZBrush kuonyeshwa hadharani mwaka 1999, gogo ni wavu wa vipande vidogo vidogo vya pembenne, na tezo ni kalamu maalumu inayopitishwa juu ya kibao chenye kuhisi mkandamizo. Kila kalamu inaposogea, kompyuta haina budi kufanya kazi mbili: kwanza, kuusogeza wavu mahali ulipoguswa, pili, kuichora upya picha katika kioo. Kazi hizi mbili ni tofauti kabisa, na kuzichanganya ndiko chanzo cha gharama nyingi zisizo za lazima.

Kazi ya kwanza hutegemea wingi wa vipande. Kila wavu unapogawanywa mara moja, kila pembenne huzaa nne. Hivyo umbo lenye vipande 10,000, likigawanywa mara tano, hufikia vipande 10,240,000. Wataalamu wamekwisha kuishughulikia kazi hii kwa bidii. Wavu hukatwa katika mafungu, na fungu lililoguswa peke yake ndilo hukokotolewa upya. Programu ya Blender, kwa mfano, hutumia njia hiyo. Aidha, tangu miaka ya 1990 zimekuwapo mbinu za kuchonga umbo moja katika ngazi mbalimbali za undani, fundi akishuka ngazi ya chini kurekebisha mwili na kupanda ya juu kuchora mikunjo ya ngozi.

Kazi ya pili ndiyo iliyosahauliwa. Kioo cha kawaida chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina jumla ya nukta 2,073,600. Kioo kipya chenye nukta 3,840 kwa 2,160 kina nukta 8,294,400, yaani mara nne kamili. Picha zikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, kompyuta hulazimika kupaka rangi karibu nukta milioni 500 kila sekunde, na kila nukta ikihitaji hesabu yake ya mwanga na kivuli. ZBrush yenyewe ilijengwa juu ya msingi wa kuiachia prosesa kuu kazi ya kuchora, badala ya kadi ya picha, na nukta zake hubeba pia kina na aina ya maada. Ubunifu huo uliwawezesha wenye mashine hafifu kuchonga maumbo mazito. Lakini kioo kinapopanuka mara nne, mzigo huiangukia prosesa hiyo hiyo.

Matokeo ni kwamba fundi hununua kioo kizuri, kisha huona kalamu yake imekuwa nzito. Mwaka 1968 Robert B. Miller alikwisha kuandika kwamba mtu anayechora mistari kwa kalamu ya mwanga hastahimili kuchelewa kunakozidi sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Zaidi ya hapo mkono hutangulia, jicho hubaki nyuma, na fundi huanza kuchonga kwa kubahatisha. Hapo huambiwa anunue kompyuta mpya. Kwa kijana anayejifunza kazi hii kwa fedha za kukopa, ushauri huo ni sawa na kufungiwa mlango.

Je, nukta zote hizo zahitajika wakati kalamu inapotembea? Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu 1 ya 60 ya digrii. Kwa mtu aliyekaa sentimita 60 kutoka katika kioo, pembe hiyo ni kama milimita 0.17. Nukta moja ya kioo cha inchi 27 chenye nukta milioni nane ni kama milimita 0.16. Kompyuta, basi, huhenyeka kuchora mambo ambayo jicho huyapata kwa taabu hata likitulia, sembuse umbo likiwa linazungushwa. Zaidi ya hayo, lile umbo la vipande milioni kumi lina vipande vingi kuliko nukta za kioo kizima.

Dawa iliyo nafuu yafahamika, na watengenezaji wa michezo ya kompyuta wameitumia kwa miaka mingi: picha ichorwe kwa nukta chache mwendo unapokuwapo, na ikamilishwe mwendo unapokoma. Kupunguza nusu ya nukta kwa upana na nusu kwa urefu huacha robo tu ya kazi. Jambo la lazima ni kuutenga uwanja wa umbo na herufi na vitufe vinavyouzunguka. Fundi anayelazimika kupunguza nukta za kioo kizima hupata wepesi wa mkono, lakini husoma maandishi yaliyofifia mchana kutwa. Huo ni mkato wa njia usiofaa, nao ndio unaotumiwa na wengi.

Wapo wapingao, na hoja yao si ya kupuuzwa. Jicho hutambua kuvunjika kwa mstari hata pale lisipoweza kutenganisha nukta, na ukingo wenye meno waweza kumdanganya fundi akadhani sura ina kasoro. Kwa hiyo upunguzaji usifichwe: mtumiaji apewe kipimo cha kuuongeza, kuupunguza au kuuzima, na picha kamili irudi mara kalamu inapoinuliwa. Programu kadhaa zina sehemu ya uwezo huu, lakini umezikwa ndani ya orodha za mipangilio ambazo mwanafunzi hazifikii. Mwalimu wa somo hili angefanya vyema kuanza hapo siku ya kwanza, kabla ya kufundisha brashi hata moja, na kabla mwanafunzi hajaulizia bei ya kompyuta nyingine.