Kiraka Kilichobaki Njiani

Sisi tunaoandika programu tunalitumia vibaya neno "tumerekebisha".

Juni na Julai 2022, Jann Horn wa Project Zero, timu ya usalama ya Google, aliripoti kasoro tano katika draiva ya Mali, chipu ya michoro ya kampuni ya Arm iliyomo katika simu nyingi za Android. Draiva hiyo hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Tatu kati ya kasoro hizo zilifanana: kurasa za kumbukumbu zilikuwa zimesharudishwa kwa mfumo, lakini programu iliyozitumia mwanzo iliweza kuendelea kuzisoma na kuziandika. Ni kama mpangaji aliyehama na ufunguo. Chumba kimepewa mtu mwingine, naye bado anaingia na kupekua. Ukurasa huo ukikabidhiwa kiini chenyewe, mdukuzi anaweza kuitawala simu nzima.

Arm walitimiza wajibu wao. Kufikia Agosti marekebisho yalikuwa tayari na msimbo wake uko wazi. Lakini Novemba, Project Zero walipopima simu zao za majaribio zenye Mali, zote zilikuwa bado na tundu lilelile. Hata Pixel, simu za Google yenyewe, hazikuwa zimepata kiraka.

Kwa hiyo nani alifaidika na kiraka miezi hiyo? Mdukuzi. Alichohitaji ni kukisoma tu ili ajue pa kuingilia.

Na bado tunamlaumu mtumiaji: "Husasishi simu yako!" Asasishe nini, wakati mtengenezaji hajamtumia kitu? Dada aliyenunua simu Kariakoo au Luthuli anaweka humo pesa zake, picha za wanawe na namba za siri. Hawezi kwenda kuchukua msimbo kwa Arm. Anamtegemea aliyemuuzia jina lililoandikwa mgongoni mwa simu.

Kuna watakaosema simu za bei nafuu hazihimili gharama za masasisho. Sikubali. Anayemudu kutoa modeli mpya kila baada ya miezi michache anamudu kuziba matundu ya zile alizokwisha kuuza.

Nataka boksi la simu liandikwe tarehe ya mwisho ya masasisho ya usalama, kama pakiti ya maziwa. Na sisi mafundi tuache kusema tumerekebisha hadi kiraka kifike mkononi mwa yule dada.