TAMKO LA TAWI: Dawa ya kupuliza iwe hatua ya mwisho kwenye shule, zahanati na soko letu



Ujumbe huu ni mrefu kuliko tunaozoea kutuma hapa. Tunaomba usomwe wote, na wajumbe wa mashina wawasomee wazee wetu na wenzetu wasio na simu za kufungua kundi hili. Jumamosi ijayo kuna mkutano wa mtaa, na moja ya ajenda ni ombi la kuongeza fedha za kupuliza dawa ya wadudu kwenye majengo ya umma. Wanachama wengi mmetuuliza tunasimama wapi. Kamati ya Utendaji ilikaa Jumapili usiku ikabishana sana, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

Tuanze na lililotokea shuleni, maana limeshasemwa humu kwa namna tano tofauti.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Ijumaa asubuhi, madarasa mawili na vyoo vya shule yetu ya msingi vilipulizwa dawa kwa ajili ya mbu na mende. Watoto walitolewa nje wakakaa chini ya mwembe, na baada ya mapumziko wakarudishwa darasani. Kabla ya saa saba mchana watoto kadhaa wa darasa la tatu walikuwa wanalalamika macho kuwasha na kichwa kuuma, na mmoja alitapika akapelekwa zahanati. Alipona, na Jumatatu alikuwa shuleni. Hatusemi kwamba dawa ile ndiyo iliyomtapisha, kwa sababu hakuna aliyepima. Tunachosema ni kwamba mganga alipouliza ni dawa gani imepulizwa, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeweza kumjibu. Dawa ilikuwa imemiminwa kutoka dukani kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haikuwa na lebo wala jina.

Tumewasikia wanaotaka tumtaje aliyepuliza. Hatutamtaja, na tunaomba asitajwe humu. Ni kijana wetu, mwanachama mwenzetu, alipewa kibarua akakifanya alivyojua. Alikuwa amefunga fulana usoni na kuvaa kandambili, bomba liko mgongoni linavuja. Katika watu wote waliokuwa pale siku ile, yeye ndiye aliyeivuta dawa ile kwa muda mrefu zaidi, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza hali yake.

Na kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, tuseme la kwetu. Mwezi Juni ofisi ya tawi ilipulizwa asubuhi, jioni yake tukafanya kikao ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Akina mama wawili waliondoka na kizunguzungu. Tukasema ni joto.

Ndugu wanachama, dawa nyingi zinazouzwa kwa kupimwa kwenye maduka yetu zinafanya kazi kwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu. Kundi moja kubwa, ambalo ndani yake zimo klopirifosi na daiklovosi, linazuia kimeng'enya ambacho na sisi binadamu tunacho. Ndiyo maana mtu aliyeipata kwa wingi hutoka jasho na udenda, macho yake hubana mboni, hutapika na kupumua kwa shida. Mtoto yuko hatarini zaidi kuliko mtu mzima: anavuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, anacheza sakafuni, na mkono ukitoka sakafuni unakwenda mdomoni. Klopirifosi hiyo hiyo, mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliamua iingizwe kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, ingawa baadhi ya matumizi yaliachiwa kwa muda. (Na kwa kuwa limeulizwa: maziwa si dawa ya sumu hizi. Mtu akipatwa msimlazimishe kutapika. Mvueni nguo zilizolowa, muosheni kwa maji na sabuni, mkimbizeni zahanati, na chupa yenye lebo iende naye.)

Sisi wa Kibaha tungepaswa kuwa wa kwanza nchini kulielewa jambo hili, kwa sababu tuna Vikuge. Wazee wanakumbuka. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge lilipokea shehena kubwa ya viuatilifu kutoka nje ya nchi, vingine muda wake wa matumizi ukiwa umepita, na DDT ilikuwamo. Ghala lilikuja kubomoka na dawa ikabaki inanyeshewa. Baadaye mabaki yalikusanywa na eneo likasafishwa. Lakini watafiti waliokwenda kupima, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, walikuta udongo bado umechafuka vibaya hata baada ya usafi huo. Ile nayo ilikuwa mali ya umma, na hakuna aliyeileta kwa nia mbaya. Ilikuja kama msaada.

Sasa mbu, maana hapa ndipo ubishi ulipo, na wanaotupinga wana hoja. Malaria inaua. Dengue tuliiona jirani Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Anayesema "acheni kupuliza" bila kusema afanye nini badala yake anacheza na maisha ya watu. Kwa hiyo tuwe wazi: vyandarua vyenye dawa vibaki na kila mtu alale ndani yake. Na wataalamu wa afya wakiamua, wakati wa mlipuko, kwamba lazima kupuliza, tutakuwa wa kwanza kufungua milango. Tunachopinga ni ile puliza puliza ya kila mwezi isiyo na kipimo, inayofanywa kwa sababu ilifanyika mwezi uliopita.

Mbu anahitaji maji yaliyotuama. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili kwenye joto la kwetu. Ina maana dimbwi likifukiwa, mtaro ukizibuliwa na pipa likimwagwa mara moja kila wiki, kizazi hicho kinafia humo humo kabla hakijaota mabawa. Ukipuliza moshi darasani umeua waliomo wakati ule. Viluwiluwi walioko kwenye mtaro nyuma ya choo wanaendelea na maisha yao na wiki ijayo wanaingia darasani. Isitoshe, mbu wa sehemu nyingi nchini mwetu wameshazoea dawa za jamii ya pareto zinazotengenezwa viwandani. Kila tunapopuliza ovyo tunawasaidia wale sugu kubaki peke yao, na dawa hizo hizo ndizo zilizo kwenye vyandarua vyetu.

Palipo na maji yasiyoweza kukaushwa, kama lile bwawa la machimbo karibu na soko, ipo dawa ya viluwiluwi inayotokana na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis. Kiluwiluwi akiila utumbo wake unaharibika. Samaki, kuku na mtoto aliyetumbukiza mguu hawadhuriki. Na inatengenezwa hapa hapa kwetu Kibaha, kwenye kiwanda cha Tanzania Biotech Products, mali ya Shirika la Taifa la Maendeleo, kwa ujuzi wa Cuba. Mwaka 2017 Rais Magufuli alipotembelea kiwanda kile aliagiza halmashauri zote nchini zikanunue. Mtaa unaoishi karibu hivi na kiwanda hauna sababu ya kwenda dukani kununua chupa isiyo na jina.

Wala si majaribio. Dar es Salaam ilikuwa na mpango wa mjini wa kudhibiti malaria ulioanza mwaka 2004 katika kata 15. Wakazi wenyewe walifundishwa kutambua mazalia, wakapangiwa maeneo, wakawa wanapita kila wiki kukagua na kuweka dawa hiyo ya bakteria. Matokeo yalichapishwa: maambukizi ya malaria yalipungua palipowekwa. Ilikuwa kazi ya kutembea kwa miguu na kuandika kwenye daftari, na vijana wa mtaa waliiweza.

Hapa tuseme ukweli wa kisiasa ambao haupendezi. Mashine ya moshi inapendwa na viongozi, wakiwemo wa kwetu, kwa sababu inaonekana na inapiga kelele. Diwani akisimama pembeni yake anapigwa picha. Mtaro uliozibuliwa haupigwi picha na mtu. Tumewahi kuahidi moshi kwenye kampeni na tukapigiwa makofi, na hatukumbuki tuliwahi kupigiwa makofi kwa kuahidi mtaro.

Mengine yanahitaji maneno machache. Mende na panya zahanati na sokoni wanafuata chakula, maji na mashimo. Ziba nyufa na matundu ya mabomba, weka wavu kwenye matundu ya hewa, takataka ziondoke kila jioni, mitego iwekwe. Sumu ya panya iliyotupwa wazi sokoni inaliwa na kuku na paka, na paka ndiye aliyekuwa anatusaidia. Kunguni kwenye bweni la sekondari: mashuka yalowekwe maji ya moto sana, magodoro na vitanda vikaguliwe kila mshono, nyufa za mbao zizibwe. Mchwa kwenye kenchi ni suala la fundi na mbao iliyotibiwa kabla ya kujenga.

Majani ni suala jingine. Siku hizi viwanja vya shule na makaburi vinapulizwa dawa ya kuua majani kwa sababu eti kufyeka kunachelewesha. Dawa inayotumika sana ni glaifoseti. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ikiwemo ya mazingira ya Marekani, hazikubaliani na hilo, na sisi si wataalamu wa kuamua ugomvi huo. Ila Ufaransa ilishapiga marufuku viuatilifu vya kemikali kwenye bustani za umma tangu Januari 2017, na jiji la San Francisco lina sheria ya kuvipunguza kwenye mali zake tangu 1996. Sisi tuna makwanja, tuna vijana, na majani yenyewe yana mbuzi wanaoyataka. Hakuna haja ya kunyunyizia kemikali uwanja ambao watoto wanaucheza peku.

Kuna mwanachama aliuliza kwenye kikao: na kibarua cha yule kijana? Ni swali la haki na lilituchukua muda kuliko yote. Jibu letu ni kwamba fedha zisipungue, zibadilishiwe kazi. Vijana walipwe kukagua mazalia kila wiki, kuzibua mitaro, kufyeka na kuziba matundu. Ni siku nyingi za kazi kuliko kupuliza asubuhi moja kwa mwezi. Na pale kupuliza kutakapokuwa hakukwepeki, afanye mwenye kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, akiwa na barakoa ya kemikali, glavu, buti na ovaroli zilizonunuliwa na mwenye kazi.

Kwa hiyo Jumamosi tutakwenda kuomba hivi. Ajenda ya kuongeza fedha za kupuliza isipitishwe kama ilivyo. Kabla ya kupuliza jengo lolote la umma, bwana afya akague na aandike ni mdudu gani, yuko wapi, na nini kimeshajaribiwa. Itumike dawa iliyosajiliwa tu, ndani ya chombo chake chenye lebo, na isiwe ile yenye mstari mwekundu wa sumu kali. Tangazo libandikwe mlangoni siku mbili kabla, likitaja jina la dawa na muda wa kutoingia kama lebo inavyosema. Shuleni kazi hiyo ifanyike likizo. Chupa tupu zitobolewe na zisirudi mikononi mwa watu. Tunazo taarifa za mama mmoja wa mtaa wetu aliyeuziwa mafuta ya taa kwenye chupa iliyokuwa na dawa.

Tunajua baadhi ya wajumbe wa mtaa, wa vyama vyote, watasema tunaleta siasa kwenye usafi. Wenzetu wa chama kingine tumeshazungumza nao, na wawili wamekubali kuunga mkono hoja ya shule. Tukifika pale tusiwazomee.

Mkutano ni Jumamosi saa tatu asubuhi, ofisi ya mtaa. Ni wakazi wote wanaoruhusiwa kuongea, kwa hiyo wazazi wa darasa la tatu tunawaomba sana mfike. Ofisi ya tawi imefuta mpango wake wa kupuliza mwezi huu. Badala yake Alhamisi saa kumi jioni tunazibua mtaro wa mbele na kufyeka nyuma. Mwenye kwanja aje nalo, mwenye koleo aje nalo. Chai ipo.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.