Dini Kama Dhamana

Mtu akiulizwa dini yake ni ipi, hutaja Mungu, kitabu, nyumba ya ibada na siku ya kukusanyika. Kwa wengi wetu, tuliolelewa katika Uislamu au Ukristo, kipimo hicho kinatosha. Toleo hili linakihoji, na tumeanzia Australia, kwa kuwa maisha ya Waaborijini ndiyo yaliyotumiwa na wasomi wa Ulaya kujengea nadharia zao kubwa za dini.

Mwaka 1871 Edward Tylor wa Uingereza alisema kwamba dini, kwa uchache wake, ni kuamini viumbe vya kiroho. James Frazer aliyemfuata aliona Waaborijini wana uchawi tu, dini bado hawajaifikia. Émile Durkheim, katika kitabu alichokitoa mwaka 1912, aliwatetea: dini wanayo, maana wana vitu vitakatifu na jamii inayokusanyika kwa ajili yake. Hata hivyo naye aliwaweka kwenye ngazi ya kwanza, kama mfano wa dini iliyo sahili kuliko zote, na Australia kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Alitegemea zaidi maandishi ya Baldwin Spencer na Francis Gillen kuhusu Waarrernte wa katikati ya bara hilo. Katika mjadala wote huo, swali moja lilibaki pembeni: watu hawa wamekabidhiwa nini, na wanawajibika kwa nani?

Wayolngu wa Yirrkala, kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land huko kaskazini mwa Australia, wamelijibu swali hilo mara nyingi. Kwao kila mtu, kila mnyama na kila kipande cha ardhi kiko upande wa Dhuwa au wa Yirritja. Masimulizi ya upande wa Dhuwa yanaeleza jinsi dada wa Djang'kawu walivyofika kwa mtumbwi kutoka mashariki, wakatembea wakichoma ardhi kwa vijiti vyao vya kuchimbia. Palipochomwa pakabubujika maji, na koo zikazaliwa. Mahali hapo pana wenyewe, pana nyimbo zake, michoro yake na ngoma zake. Tena wenye ukoo hawajiamulii kila kitu: watoto wa mabinti zao ndio wasimamizi wa mambo matakatifu ya ujombani, na bila wao shughuli haiendi.

Mwaka 1963, serikali ilipomega sehemu ya ardhi hiyo ili boksiti ichimbwe, wazee walipeleka malalamiko Bungeni, Canberra. Karatasi ilipigwa chapa kwa lugha yao na kwa Kiingereza, ikabandikwa katikati ya ganda la mti, kisha ikazungushiwa michoro ya koo. Mbunge angeweza kuichukulia michoro ile kuwa mapambo. Kwa waliochora, ilikuwa hati ya ardhi na andiko takatifu kwa pamoja.

Mpango wa mgodi uliendelea hata hivyo. Wayolngu wakaenda mahakamani, na mwaka 1971 Jaji Richard Blackburn akatoa hukumu. Alikubali kwamba wana sheria zenye utaratibu, na kwamba uhusiano wao na ardhi ni wa kidini. Hapo ndipo walipoponzwa. Ushahidi, alisema, unaonyesha ukoo kuwa wa ardhi kuliko ardhi kuwa ya ukoo. Basi umiliki hakuuona. Miaka 5 baadaye Bunge likatunga sheria ya ardhi ya Waaborijini wa Eneo la Kaskazini, na humo mwenyeji wa jadi akatambuliwa kwa dhamana ya kiroho aliyonayo juu ya mahali na ardhi yake. Jambo lililowanyima haki mahakamani likageuka kuwa kigezo cha kuwapa haki.

Hoja yetu inatoka hapo. Dini itambuliwe kwa dhamana anayoibeba mtu, na imani ihesabiwe kuwa sehemu mojawapo ya dhamana hiyo. Kipimo hiki hakiwafai Waaborijini peke yao: Mwislamu naye hahesabiwi kwa shahada tu, kuna swala, zaka na saumu.

Msomaji atauliza: je, Waaborijini wengi leo si Wakristo? Ndivyo, na katika sensa ya Australia ni wachache sana wanaojiandikisha kuwa wafuasi wa dini ya jadi. Lakini Yirrkala hiyo hiyo, mwaka 1963, wazee wa Dhuwa na wa Yirritja walichora mbao mbili kubwa zenye habari za wahenga wao, zikasimamishwa ndani ya kanisa la Kimethodisti. Miaka ya 1970 kanisa likaziondoa. Leo zinatunzwa katika kituo cha sanaa cha wenyeji. Anayepima kwa imani ataona watu wasiojua wanakosimama. Anayepima kwa dhamana ataona watu waliopokea Injili bila kuitelekeza amana ya wazazi wao.

Kupima vibaya kuna gharama. Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto, ikiwa na kibali cha serikali, ililipua mapango ya Juukan huko Pilbara, magharibi mwa Australia, yenye dalili za watu kuyatumia tangu miaka 46,000 iliyopita. Msikiti au kanisa likibomoka, waumini wanaweza kujenga jingine na ibada ikaendelea. Pango alilokabidhiwa mtu na wahenga wake halina mbadala. Wazee wa kaya za Wamijikenda, ambao misitu yao iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, wataielewa habari hii bila mkalimani.

Waandishi wa makala zinazofuata hawakubaliani wao kwa wao, na baadhi yao wanaipinga hoja hii waziwazi: wanasema dhamana bila imani ni mila tu. Tumewapa nafasi kamili. Ombi letu ni moja: kabla ya kuamua jambo fulani ni dini au si dini, uliza kwanza ni nani atakayedaiwa jibu jambo hilo likiharibika.