MASTAA WA BONGO WANAMFUATA YESU, AU WANAMFOLO TU?

Jumapili ikifika, Insta ya Bongo nzima inageuka kanisa. Aliyekuwa Masaki usiku wa kuamkia leo na chupa mezani, saa tatu asubuhi kashaposti Biblia iliyofunguliwa pembeni ya kikombe cha kahawa, kucha zimepakwa vizuri, mwanga umekaa penyewe. Maneno ya chini ni mafupi: Mungu kwanza. Mchana haujafika, laiki zimeshapita elfu kumi na komenti zimejaa amina na makopa mekundu. Jumatatu tangazo la kampuni ya kubeti linarudi kwenye ukurasa uleule na hakuna anayeshtuka.

Mtu kuposti Biblia si kosa. Shida iko kwenye neno moja ambalo siku hizi lina maana mbili, na watu wa mjini wamechagua ile rahisi. Mfuasi. Zamani mfuasi alikuwa mtu aliyeacha kitu akaondoka na mtu. Petro na Andrea waliacha nyavu, Mathayo akaacha meza ya ushuru. Leo mfuasi ni yeyote aliyebonyeza kitufe. Hajaacha chochote, hajasogea alipo, na akichoka anabonyeza tena yameisha. Huyo hajamfuata mtu, kamfolo. Na ndivyo mastaa wengi, pamoja na mashabiki wanaowaiga mpaka mtindo wa nywele, walivyo na Yesu. Wanamfolo.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye ameokoka mara tatu ndani ya miaka michache. Ratiba yake haibadiliki. Kwanza anafuta picha zote. Halafu kimya cha wiki nzima, kurasa za udaku zikikihesabu saa kwa saa. Halafu picha amepiga magoti, halafu laivu yenye machozi, halafu mahojiano redioni akisema muziki wa dunia basi tena. Miezi miwili mbele ngoma mpya inatoka, na si ya injili. Wenye akili zao walishaielewa hiyo ratiba kuwa ni promo. Kuokoka kumekuwa kiki kama kiki ya mimba na kiki ya kuachana.

Sasa, mtu kuanguka si habari. Petro huyohuyo alimkana bwana wake mara tatu usiku mmoja na bado akarudishwa kundini. Binadamu anateleza, anainuka, na anayetaka kumcheka ajiangalie miguu yake kwanza. Hoja ni nyingine. Katika kuokoka kote kule mara tatu, kuna fundi cherehani mmoja wa Kariakoo aliyemshonea jamaa nguo za video mbili na mpaka leo hajalipwa. Kuna madansa walioambiwa hela inakuja wiki ijayo, na wiki ijayo imefika mwaka. Kuna mzazi mwenzie anayesikiliza habari za neema kwenye simu huku mtoto karudishwa nyumbani kwa ada. Kwenye laivu staa kamshukuru Mungu, kamshukuru mtumishi wake, kawashukuru mashabiki mmoja mmoja kwa majina ya akaunti zao. Fundi alipokomenti, akapigwa bloku.

Hapo ndipo Zakayo wa Yeriko anapowaaibisha. Yule mkuu wa watoza ushuru, anayesimuliwa na Luka katika sura ya 19, hakutoa hotuba kuhusu safari yake ya kiroho. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu arudishiwe mara nne. Nusu. Mara nne. Hizo ni hesabu ambazo anayedai anaweza kwenda nazo mlangoni akagonga. Na Yesu alitangaza habari njema ya nyumba ile baada ya hesabu kutajwa. Bongo utaratibu umepinduliwa, tangazo linatangulia na hesabu haitokei kabisa.

Mameneja wa mastaa wana jibu lao, na kwa haki si jibu la kijinga. Wanasema Yesu mwenyewe alifundisha kwamba taa haiwashwi ikafunikwa, sasa kosa ni nini mtu akiangaza mtandaoni? Kuna vijana wasiokanyaga kanisani mwaka mzima, na mstari pekee wanaousoma ni ule alioposti staa wao. Kweli tupu. Lakini taa ya nyumbani kazi yake ni watu waone sufuria iko wapi na mtoto kalala wapi. Nani anakaa sebuleni kuitazama balbu? Tena katika mahubiri yaleyale ya mlimani, sura inayofuata tu, ya 6 ya Mathayo, anayeomba anatakiwa aingie chumbani kwake afunge mlango, na anayetoa sadaka asiutangazie hata mkono wake wa pili. Waliokuwa wanasimama kwenye kona za njia wasali ili waonekane, Yesu aliwaita wanafiki, na wakati huo hata kamera haikuwepo.

Sasa tazama yatima anavyopewa mchele na sabuni. Kashikishwa kiroba chenye nembo ya staa, uso wake wote uko kwenye picha, kaambiwa atabasamu, na kesho darasani wenzake watakuwa wameshaona. Huyo mtoto hajaangaziwa, katumika. Waislamu nao wanaijua hii filamu vizuri tu, maana haipiti Ramadhani bila futari ya yatima yenye kamera tatu na droni juu.

Na mameneja hao si wa kwanza. Yohana sura ya 7 inasimulia jinsi ndugu zake Yesu walivyomshauri sikukuu ya Vibanda ilipokaribia. Atoke Galilaya, aende Uyahudi kwenye watu, kwa sababu anayetaka kujulikana hafanyi mambo yake gizani. Meneja yeyote wa msanii pale Sinza angempa ushauri huohuo, na angekata asilimia zake. Yohana anaongeza kitu kinachochoma: walisema hivyo kwa kuwa hata wao hawakumwamini. Yesu akaenda baadaye, kimyakimya.

Idadi ya wafuasi ndiyo kabisa haikumsumbua. Alilisha watu elfu tano, umati ukataka kumfanya mfalme kwa nguvu, akapanda mlimani peke yake. Kesho yake kule Kapernaumu akawaambia peupe kwamba wanamtafuta kwa ajili ya mkate. Mafundisho yakawa mazito, wengi wakageuka wakaondoka. Hakuwakimbilia na hakufuta alichosema. Akawageukia wale kumi na wawili akawauliza kama na wao wanataka kwenda. Staa gani wa hapa mjini anaweza kupoteza wafuasi elfu moja kwa siku na asiirekebishe posti yake?

Mastaa wamesemwa vya kutosha, na shabiki naye asikae pembeni akipiga makofi. Chukua kijana wa kawaida wa Mbagala au Tandale. Kabla hajaosha uso kashaigusa simu. Aliichukua aangalie saa tu, anaiweka chini dakika arobaini baadaye akijua nani kamwagana na nani, nani kanunua gari la mkopo akasema la zawadi, na mkeka wake wa jana umechanika kwa timu moja. Ndiyo, mkeka ule aliouombea. Mahali fulani katikati ulipita mstari wa Zaburi, akaubonyezea kopa, akaushusha.

Wala asisingiziwe shetani mwenye mapembe, kwa sababu hiyo ni kazi ya mikono ya watu wenye majina. Mwaka 2006 mbunifu wa programu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule unaoendelea kushuka bila mtu kubonyeza chochote, na baadaye amejitokeza hadharani kusema anajutia. Mwaka 2009 Facebook ikaleta kitufe cha laiki. Mwaka 2017 bosi wa Netflix, Reed Hastings, alisema wazi kwamba mshindani wao ni usingizi wa watu. Usingizi! Kama usingizi wenyewe unapiganiwa hivyo, sala ya dakika tano kabla ya kwenda kazini itapona vipi?

Saa hiyohiyo ya alfajiri ndiyo Marko anaisimulia katika sura ya 1. Jioni yake mji mzima wa Kapernaumu ulikuwa umejaa mlangoni, wagonjwa wanaponywa, jina linavuma. Kabla hakujapambazuka Yesu akatoka peke yake, akaenda mahali pasipo na watu kuomba. Simoni na wenzake wakamsaka, na walipompata wakamwambia watu wote wanamtafuta. Kwa lugha ya leo, bosi, unatrendi. Akawajibu kwamba wanaelekea vijiji vingine. Yeye aliyeanza siku kwa ukimya alijua anakokwenda. Wao walichojua ni kwamba mlangoni pamejaa.

Akili iliyochoshwa na makelele tangu alfajiri ndiyo inayodakwa kirahisi na mwenye sauti kubwa kuliko wote, na hapo manabii wa laivu wanapata riziki. Binti wa saluni amebana hela ya kodi ya chumba kwenye simu, laki na nusu, imebaki siku mbili mwenye nyumba aje. Saa sita usiku mtumishi anaona kwenye roho kwamba kuna dada anayetazama, jina lake linaanza na herufi N, milango yake imefungwa na watu wa ukoo, apande mbegu kabla ya saa saba. Namba ya kutumia iko hapo chini kwenye skrini. Kina Neema, kina Nuru na kina Nasra wote wanajiona wameitwa. Anatuma. Mwenye nyumba akija hataki kusikia habari za mbegu wala za ukoo. Marko sura ya 12 ina onyo la Yesu juu ya walimu wa dini wanaozila nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu ndefu. Laivu za saa nne hazijaanza leo.

Na haiishii kwenye hela. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 nchini Kenya, msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi ulifukuliwa, ikatoka miili zaidi ya 400, na mashtaka yanadai waumini hao waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kukaa na bando lake akawaita wajinga. Wale hawakuwa watu waliompuuza Yesu. Walimtafuta kuliko wengi wanaoposti Jumapili. Walichokosa ni kumsikiliza yeye mwenyewe. Walimwachia mtu mwingine kazi ya kuwaambia anataka nini, na huyo mtu akaamua.

Inauma zaidi kwa sababu maneno yenyewe hayajafichwa. Injili ya Marko ina sura 16 tu, na kuisoma yote ni kama muda wa mechi moja ya Simba na Yanga. Biblia ipo kwenye simu bure, ukishaipakua haili bando. Mtu anayejua majina ya wapenzi wote waliopita wa msanii fulani, kwa mpangilio wa miaka, hana cha kujitetea kwamba hajui Yesu alisema nini kuhusu deni, kuhusu mjane, au kuhusu anayekumbuka kwamba ndugu yake ana kinyongo naye, anayetakiwa aiache sadaka madhabahuni akapatane kwanza.

Komenti inayokuja hapa inajulikana: acheni kuhukumu watu, Mungu ndiye anayejua moyo. Mstari huo wa kutohukumu unatoka mwanzoni mwa sura ya 7 ya Mathayo, na wanaoupenda huwa hawashuki chini. Sura hiyohiyo, mistari michache mbele, inatahadharisha kuhusu manabii wa uongo na inataka mti utambuliwe kwa matunda yake. Moyo wa staa kweli anaujua Mungu. Risiti ya fundi inasomeka na yeyote.

Kwa hiyo yule jamaa akitangaza kuokoka kwa mara ya nne, wanaokimbilia kuandika amina waulizie kwanza Kariakoo. Ni laki tatu na nusu, na namba ya fundi haijabadilika.