Ratili si kilo
Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya vipimo vya metriki, lakini matumizi yake yakaachwa kuwa ya hiari. Hadi leo Mmarekani hununua soda kwa chupa ya lita 2, ila petroli kwa galoni na nyama kwa ratili.

Mazoea hayo yanamgusa mkulima wa Kilimanjaro na Mbinga. Bei ya arabika katika soko la New York hutajwa kwa ratili, yaani gramu 454 tu. Ikitajwa dola 2, kwa kilo ni takriban dola 4.40. Asiyejua hesabu hiyo ataridhika na nusu ya bei. Vyama vya ushirika vibandike ubaoni bei ya kilo pamoja na makato yote, mkulima apige hesabu mwenyewe.