Taa Inayotazama Juu

Ukitoka Mbagala kuelekea Kongowe usiku, hukosi kukutana na bodaboda yenye taa nyeupe inayokupiga usoni. Kwa sekunde mbili tatu huoni shimo wala mtu anayevuka. Wengi wanataka taa hizi za LED za kuongezea zipigwe marufuku. Hasira yao naielewa, ila marufuku peke yake itamwonea dereva.

Dereva yule hakununua urembo. Pikipiki nyingi ndogo huja na balbu ya halojeni ya wati 35, na baadhi hulisha taa kwa umeme wa injini bila kupitia betri. Ukipunguza mwendo kwenye mashimo, pale pale unapohitaji kuona, taa inafifia. Soketi ikiota kutu ndiyo balaa zaidi: umeme ukipungua kwa asilimia 10 tu, balbu hiyo hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake. Na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mpaka dereva aone, ashike breki na pikipiki isimame, mita 40 na ushee zimekwisha. Anayeona mita 20 mbele anabahatisha maisha yake na ya abiria wake.

Lakini balbu ya LED ya bei rahisi, ikichomekwa kwenye taa iliyotengenezewa halojeni, mara nyingi haimpi alichokifuata. Kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa kimepimwa kufuata kiwaya kinachowaka mahali pamoja. Chanzo cha mwanga kikihama hata milimita chache, mwanga unatawanyika, na unaishia machoni mwa anayekuja badala ya barabarani. Hapa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina kazi: balbu za namna hiyo zizuiwe bandarini, kabla hazijafika dukani.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye mjadala huu silisikii kabisa, nalo ni mzigo. Juzi jioni fundi mmoja alisimamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, akachora mstari wa chaki usawa wa katikati ya taa. Pikipiki ikiwa tupu, mwanga wa chini uliishia kama sentimita 5 chini ya mstari, inavyotakiwa. Akapanda abiria, likafuata gunia la mkaa. Shokapu za nyuma zikabonyea, mwanga ukavuka chaki na kupanda hadi dirishani, na dereva hakuwa amewasha full. Fundi akalegeza nati za taa, akaiinamisha, akafuta vumbi kwenye kioo. Hazikufika dakika kumi, na hakuna spea iliyonunuliwa.

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani vyombo hukaguliwa na kubandikwa stika. Kwa bodaboda, ukaguzi huo ufanyike giza likishaingia, mbele ya ukuta, abiria akiwa amekaa nyuma, na fundi awepo na spana yake.